Kipanya Kinachobofya Mara Mbili

Wateja huniletea kompyuta nzima wakidai ina virusi: folda inafunguka kwa kubofya mara moja, faili ukiliburuta linadondoka njiani. Kwanza huwa nachomeka kipanya changu. Ugonjwa ukiisha papo hapo, kompyuta narudisha, kipanya kinabaki mezani.

Chini ya kitufe mna swichi ndogo, urefu wake kama milimita 13. Ndani yake umekaa ulimi mwembamba wa shaba ambao ukibonyezwa huruka na kugusa ncha ya pili. Ile "tki" ndiyo mruko wenyewe. Hata swichi mpya hudundadunda milisekunde chache kabla ya kutulia, na programu ya kipanya huupuuza mdundo huo. Ulimi ukichoka, au ncha zikishika ukoko, mgusano hukatika na kurudi hata baada ya muda huo kupita. Kompyuta inahesabu mbili. Umeme unaopita hapo ni mdogo mno kuweza kuunguza ukoko, ndiyo maana tatizo haliishi lenyewe.

Kuchezea mipangilio ya Windows hakusaidii sana. Muda wa kubofya mara mbili huwa milisekunde 500, na ukiubana mpaka mwisho unabaki 200. Mbofyo wa uongo huja upesi kuliko hapo.

Skrubu hujificha chini ya vile vibandiko laini vya tumboni. Wapo wanaofungua swichi na kuukunja ulimi upya. Nimewahi kufanya hivyo. Kuurudisha mahali pake kunatia wazimu, na baada ya muda mteja anarudi na malalamiko yaleyale. Sikuhizi nabadilisha swichi nzima. Jamii ya Omron D2F, yenye miguu mitatu, huingia kwenye vipanya vingi. Ukikosa mpya, ng'oa ya kitufe cha kulia kwenye kipanya kilichokufa, kwa kuwa hicho hakibonyezwi sana.

Kabla ya kung'oa, ongeza risasi mpya ya kulehemu kidogo juu ya ile ya zamani inayoshika miguu ya swichi ili iyeyuke kirahisi. Usivute kwa nguvu, utabandua njia ya shaba kwenye bodi, na hapo kazi ya dakika kumi inageuka ya mchana kutwa. Angalia pia swichi mpya isigeuzwe.

Usifunge skrubu bado. Buruta faili kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine, polepole, ukilegeza kidole kidogo bila kukiachia. Lisipodondoka, funga.