Nani kasema Mji Mkongwe ni wa watalii tu?

Watu wa Dar wengi wanaamini ukienda Zanzibar kurudi siku hiyohiyo utaishia kutazama majengo na kula kwa bei ya mzungu, jamani si kweli kabisa. Boti ya asubuhi inachukua kama masaa mawili, ukishuka usigande pale mbele baharini, ingia Darajani, soko lipo tangu 1904, viungo na kanga wananunua wenyeji wenyewe, halafu chapa mguu hadi Mkunazini pale mgahawa wa Lukmaan ule wali na samaki wa nazi, au tafuta urojo wa uchochoroni wenye bhajia, kachori na chipsi za muhogo, mtamu hatari! Bustani ya Forodhani wanapanga meza za chakula jioni, kwa hiyo mwenye boti ya alasiri asiitegemee.