Kabla Macho Hayajaanza Kusogea

Kila Januari napokea watu wengi wa namna moja. Desemba barabara ya Dar hadi Moshi inafurika, kila mtu anataka kula Krismasi nyumbani, na ajali hazikosi. Aliyenusurika anafungwa plasta, anaruhusiwa, ndugu wanatoa shukrani kanisani. Wiki zinapita, mfupa umeunga, lakini mtu bado anakurupuka usiku akisikia breki za lori, hapandi tena Coaster, na anawafokea watoto bila kujua kwa nini. Nyumbani wanamwambia, "Si umeshapona? Sahau yaliyopita." Angekuwa na uwezo wa kusahau, angeshasahau.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba hapa Moshi, na kati ya tiba ninazotumia kwa watu wenye kiwewe ni ile ya kusogeza macho, inayojulikana kwa kifupi chake, EMDR. Wengi wameiona kwenye video walizotumiwa WhatsApp: mtaalamu anapitisha vidole mbele ya uso wa mtu, mtu analia, kisha anatabasamu. Wanakuja wakiitaka leo hii hii. Siku ya kwanza sipitishi vidole, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike.

Aliyeianzisha ni Francine Shapiro, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1987, akiwa anatembea bustanini, aligundua kuwa mawazo yaliyokuwa yakimkera yalipungua makali macho yake yalipokuwa yakienda huku na huku. Alilifuatilia jambo hilo na mwaka 1989 akachapisha utafiti wake wa kwanza. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja EMDR katika mwongozo wake kuwa miongoni mwa tiba zinazofaa kwa watu wazima na watoto wenye maradhi yatokanayo na kiwewe.

Inafanyaje kazi? Maelezo ninayoyaona kuwa na nguvu zaidi ni haya: sehemu ya akili inayoshikilia jambo tunalolifikiria sasa hivi ina nafasi ndogo. Ukishika picha ya ajali akilini na wakati huo huo ukafuata kitu kwa macho, kazi hizo mbili zinagombania nafasi. Picha inafifia, na inaporudi kuhifadhiwa inarudi ikiwa imepungua ukali. Wapo wataalamu wanaosema macho hayaongezi kitu, kwamba kinachoponya ni kuikabili kumbukumbu ukiwa salama. Ubishi huo haujaisha. Ninaloliona mimi ni kwamba pande zote mbili zinahitaji mtu awe salama kwanza, na hapo ndipo maandalizi yanapoanza.

Tiba hii ina hatua 8, na macho yanaanza kusogea kwenye hatua ya 4. Kabla ya hapo nasikiliza historia ya mtu. Nauliza usingizi, pombe, kifafa, matatizo ya macho, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Namuuliza pia kama hatari imekwisha kweli. Mwanamke anayerudi jioni kwa mume anayempiga hahitaji kuanza na vidole vyangu, anahitaji kwanza pa kulala salama.

Kisha namfundisha kujituliza. Namwambia achague mahali ambapo mwili wake unakumbuka utulivu. Wengi wa hapa wanakwenda kihambani kwa bibi, chini ya migomba, maji ya mfereji yakipita. Tunakaa hapo mpaka naona mabega yameshuka. Namfundisha pia kukumbatia kifua kwa mikono iliyopishana na kujigonga taratibu, kulia, kushoto. Njia hiyo ilibuniwa Mexico, kwa watu waliokumbwa na kimbunga Pauline mwaka 1997. Tunakubaliana ishara: akiinua kiganja, nasimama papo hapo.

Chukua mfano wa konda, niliyemuunda kutokana na watu wengi ili asiwe mtu mmoja. Picha inayomtesa ni mkono wa abiria ukishika kiti kilichopinduka. Chini ya picha hiyo kuna neno analojisemea kila siku: "Mimi ndiye niliyempandisha." Namuuliza karaha ni kiasi gani, kutoka 0 hadi 10. Anasema 9. Anashika picha, macho yanafuata vidole vyangu kwa takriban nusu dakika, nasimama.

"Vuta pumzi. Kuna nini sasa?"

"Harufu ya dizeli, daktari."

"Haya, nenda na hiyo hiyo, mdogo wangu."

Raundi nyingine. Mara anakumbuka alichokuwa hajawahi kukitaja: kwamba yeye mwenyewe, damu ikimtoka, alivunja kioo akatoa watoto. Sikumwambia hilo mimi. Wala sikumlazimisha kunisimulia ajali nzima, na watu walionyamazia jambo lao kwa miaka hupata ahueni kubwa wakilijua hilo. Yuko macho wakati wote, hajalazwa usingizi, na hakuna pepo anayetolewa.

Karaha ikishuka hadi 0 au karibu, tunaimarisha neno jipya, labda "Nilifanya nilichoweza," kisha anaupitisha mwili wake akilini kutoka utosini hadi unyayoni, akitafuta penye mkazo uliobaki. Si lazima yote yaishe kwa kikao kimoja, ambacho kwa kawaida huchukua dakika 60 hadi 90.

Siku zinazofuata ndoto zinaweza kuongezeka na machozi kuja yenyewe. Siku ya kikao usiendeshe bodaboda kurudi nyumbani, njoo na ndugu. Ndugu huyo asikuhoji njiani ulichosema. Na kabla hujakubali kutibiwa na yeyote, muulize amesomea wapi tiba hii na nani anamsimamia. Mtaalamu mzuri atakujibu bila kukasirika. Akitaka kuanza na vidole kabla hajajua unalala vipi, tafuta mwingine.