Ruba Hanyonyi Damu Chafu

Huku Mtwara, watu waliozoea kuumikwa chuku huniuliza: "Daktari, na ruba je? Si naye anatoa damu chafu?" Hapana. Damu anayonyonya ni ileile inayozunguka mwili mzima. Madaktari wa upasuaji wanaomtumia wanamtaka kwa damu iliyokwama.

Chukua kidole kilichokatwa na panga wakati wa palizi ya mikorosho, kikaungwa tena. Ateri, mshipa unaoleta damu, ina ukuta mnene, inashoneka chini ya hadubini. Vena, mishipa inayorudisha damu, ni nyembamba, zinalala bapa, na mara nyingine hazipatikani za kutosha. Basi damu inaingia, pa kutokea haina. Kidole kinavimba, kinapiga zambarau, kikiachwa hivyo kinakufa. Hapo ndipo ruba anapowekwa, kwa siku kadhaa, mpaka mwili uoteshe vijishipa vipya. Kikiwa cheupe na cha baridi, shida ni damu kutoingia. Ruba hana msaada hapo, mgonjwa arudishwe chumba cha upasuaji.

Ruba mwenyewe hunywa mililita 5 hadi 15 tu, akashiba, akadondoka. Faida kubwa inakuja baadaye. Mate yake yana hirudini, inayozuia damu kuganda, hivyo kidonda kile kidogo cha pembe tatu, alama ya taya zake tatu, huendelea kuvuja kwa saa kadhaa. Muuguzi hukipangusa kisizibe, huku akiangalia wingi wa damu, maana wapo wanaoishia kuongezewa. Ruba akigoma kuuma, ngozi huchomwa sindano kidogo, tone litokeze. Akishauma asivutwe, anaweza kutapika kidondani.

Na matapishi hayo si mchezo: tumboni mwake wamo bakteria wa Aeromonas, ndiyo maana mgonjwa hupewa antibayotiki ya kinga. Ruba walioruhusiwa Marekani mwaka 2004 kama kifaa tiba hufugwa maalumu, kila mmoja kwa mgonjwa mmoja, kisha huuawa kwa spiriti. Huyu anayekung'ang'ania mguuni kwenye majaruba ya Ruvuma si wa jamii hiyo. Usiniletee kwenye chupa. (Ndiyo, wameshaniletea.)

Niletee kidole chenyewe: kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko usiopitisha maji, halafu mfuko huo uweke kwenye barafu. Ya wauza samaki inatosha, ila isikiguse kidole, kwa sababu nyama iliyoganda haiungiki.