Sisimizi hawapimi kisukari

Kijiwe chochote cha Masasi, Newala au Lindi mjini ukitaja kisukari tu kila mtu anageuka daktari, na stori inayorudi kila mara ni ile ya "mi mkojo wangu sisimizi hawausogelei, nna kisukari wapi?" Hii kwangu ndo mbaya kuliko zote kwa sababu ina ukweli nusu. Ni kweli sukari ikiwa nyingi inatoka kwenye mkojo na sisimizi wanaifuata, ila figo huwa zinairudisha mwilini mpaka ile ya kwenye damu ivuke kama 10 hivi (kwa kipimo cha mmol/L, namba zote humu ni hizo), ndo inaanza kumwagika. Sasa kisukari hakisubiri 10. Ukipima asubuhi hujala kitu kwa masaa 8 au zaidi ikasoma 7 kwenda juu, na ukirudia siku nyingine ikawa hivyohivyo, tayari unacho. Yaani kuna mtu anaamka na 8 miaka na miaka, sisimizi wanaweza wasitokee kabisa na hajisikii chochote, huku macho na figo vinaliwa taratibu, halafu siku anaenda hospitali kwa ajili ya kidonda cha mguu kisichopona ndo anaambiwa. Kwa hiyo kama umevuka miaka 40, au kitambi kipo, au presha, au mzazi wako anacho, au ulijifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi, nenda kachomwe kidole, ni dakika chache tu.

Halafu kuna hii ya "huo ugonjwa wa matajiri, sisi tunakula vya shamba." Vya shamba vipi? Ugali wa muhogo ni wanga, ming'oko ni wanga, na wanga ukifika tumboni unageuka sukari hata kama hukutia kijiko kimoja kwenye chai. Sisemi uache ming'oko, nani ataacha, nasema punguza kipimo na sahani ijaze mboga za majani na samaki. Korosho zenyewe hazipandishi sukari kama wali, shida yake ni mafuta mengi na ile chumvi, mtu anatafuna mfuko mzima anaongea. Juisi ya mabibo hiyo kaa nayo mbali kidogo, na asali pia ni sukari jamani, kutoka porini hakuibadilishi.

"Mtoto hapati kisukari." Anapata, ile aina ya kwanza ambayo mwili hautengenezi insulini, homoni ya kushusha sukari, wala haina uhusiano na pipi. Mtoto anakunywa maji kupita kiasi, anaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, anakonda, kisha anatapika na kuhema kwa nguvu, na nyumbani wanasema malaria au karogwa. Huyo akicheleweshwa anakufa, mpelekeni hospitali na mwambieni daktari apime sukari hapohapo.

Na sindano je? Watu wanasema ukianza insulini umekwisha. Kabla ya 1922, mwaka mgonjwa wa kwanza alipochomwa insulini kule Toronto, mtoto mwenye aina ya kwanza alikuwa hana njia, sasa hivi anasoma, anaoa, anazeeka. Na mwenye aina ya pili, ile ya watu wazima wengi, akiongezewa sindano mara nyingi ni kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, limechoka na miaka, si kwamba amefika mwisho. Kwa joto letu hili la pwani la msingi ni kuihifadhi: zisizofunguliwa zikae kwenye friji ila zisigande, na kama friji hakuna, chungu ndani ya chungu na mchanga wenye maji katikati, pakiwa kivulini, kinasaidia sana. Mizizi na magome siyabishii, ila usiache vidonge ukayategemea hayo, maana sukari inarudi juu kimyakimya.

La mwisho ni "mwenye kisukari asiguse sukari hata iweje." Hapana bwana. Aliyetumia dawa akaruka mlo, au amefunga, akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anaongea vitu havieleweki, sukari imeshuka huyo, chini ya 4. Mpe haraka vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, kama bado mrudishie, akipata nafuu ale chakula. Ila kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, kitampalia, tafuta bodaboda au bajaji au chochote awahi hospitali.