Mbio baada ya kujifungua: yasemwayo na yaliyo kweli

"Wiki sita zimeisha, mkunga kasema niko sawa, basi nikimbie."

Dhana hii ndiyo inayoumiza wengi. Ukaguzi wa wiki ya sita huangalia kama kidonda kimefunga, presha ikoje na mama anataka njia gani ya uzazi wa mpango. Hakuna anayekuambia uruke kwa mguu mmoja. Mbio, kwa upande wake, hukufanya utue ardhini kwa nguvu ya takriban mara mbili ya uzito wako kila hatua, na mshindo huo hupokewa na sakafu ya nyonga, yaani misuli inayobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa. Mtoto akipita ukeni misuli hiyo hunyooshwa mno, na kupona kwake huchukua miezi minne hadi sita.

Mwongozo wa wataalamu wa tiba ya viungo uliotoka Uingereza mwaka 2019 unashauri kusubiri angalau miezi mitatu. Nayo miezi mitatu si ruhusa, ni wakati wa kuanza kujipima. Tembea dakika 30. Simama kwa mguu mmoja sekunde 10. Chuchumaa kidogo kwa mguu mmoja mara 10 kila upande. Kimbia ukiwa umesimama mahali pamoja dakika moja, kisha ruka kwa mguu mmoja mara 10. Mkojo ukichuruzika, nyonga ikiuma, au ukihisi kitu kizito kinashuka ukeni, bado. Rudi kwenye kutembea na mazoezi ya nguvu, na ule uzito usipoondoka, muone daktari: huenda kizazi kimeanza kushuka.

Ukivuka yote bila dalili, kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Ongeza muda kabla ya kasi. Kampala ina vilima kila upande, kwa hiyo wiki za mwanzo tafuta uwanja tambarare wenye nyasi. Mteremko wa Kololo utakungoja. Kushuka mbio ndiko kunakotikisa zaidi.

"Aliyepasuliwa hana shida ya nyonga."

Nyonga yake nayo ilibeba mimba miezi yote tisa. Isitoshe, ngozi ikiwa imefunga vizuri, utando mgumu wa tumbo ulio chini yake katika wiki ya sita huwa umerudisha karibu nusu tu ya nguvu yake.

"Kuvuja mkojo ndiyo hali ya mama, vaa pedi ukimbie."

Ni jambo la kawaida, lakini linatibika. Bana kana kwamba unazuia mkojo na hewa ya tumboni kwa pamoja, bila kukaza matako wala kushika pumzi. Shikilia sekunde 6 hadi 8, legeza kabisa, rudia mara 8 hadi 12. Kisha bana haraka haraka mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usijizoeze ukiwa katikati ya kukojoa, kwani kibofu kinaweza kubakisha mkojo.

Mkojo unaotoka mfululizo, usiku na mchana, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, ni jambo jingine. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na mazoezi hayaizibi. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa mapema.

"Kaza tumbo kwa leso, litarudi upesi."

Leso iliyokazwa sana husukuma shinikizo chini, kule kule kwenye misuli iliyochoka. Funga kwa wepesi kama inakupa nafuu ya mgongo, ila usiitegemee wakati wa mbio.

"Mbio huchachusha maziwa."

Maziwa hayachachi titini, wala mazoezi ya wastani hayapunguzi wingi wake. Mtoto akikataa, mara nyingi ni chumvi ya jasho: futa titi. Mnyonyeshe kabla ya kutoka ili matiti yawe mepesi, na vaa sidiria inayoshika bila kubana. Kinachokausha maziwa kwa kweli ni kukimbia huku unajinyima chakula ili upungue. Maharage, mukene (dagaa) na dodo (mchicha) visikosekane, hasa kama ulipoteza damu nyingi. Ukihema kwa kupanda ngazi tu, pima damu kwanza.