Asilimia 20 ya nini?

Julai imeingia, mwaka wa fedha umeanza, walimu wanaingiza majukumu yao kwenye PEPMIS, mfumo wa Serikali wa kupima utendaji wa watumishi wa umma. Na sentensi ileile imeanza kuzunguka tena kwa walimu wa maktaba kuanzia Kakonko hadi Uvinza, wananakiliana kwa WhatsApp: "Kuongeza matumizi ya maktaba kwa asilimia 20 ifikapo Juni." Nikiuliza asilimia 20 ya nini, naambiwa lengo lazima lipimike. Sawa, lipimwe kwa kipi? Hapo mtandao huwa unakata.

Nimechoka na imani hii kwamba sentensi yoyote ikitiwa namba imekuwa lengo. Ukiambiwa sokoni mawese yamepanda elfu mbili, swali la kwanza ni dumu au chupa. Maktabani hatuulizi.

Wanaonijibu kwa SMART, zile herufi tano za Kiingereza za vigezo vya lengo zuri, niwakumbushe kitu. Aliyeiandika, George Doran, mwaka 1981 kule Marekani, herufi yake ya A ilihusu nani kakabidhiwa kazi. Hili la "linalofikika" limeingia baadaye. Na yeye mwenyewe alisema si kila lengo litatimiza vigezo vyote vitano. Sisi tumeacha swali la nani atafanya, tukang'ang'ania asilimia.

Ya haraka kwanza. Kubandika lebo, kupangusa vumbi, kujaza leja: hayo ni majukumu ya kila siku, yabaki huko. "Kupata vitabu 2,000" au "kupata kompyuta 10" ni ombi, maana mwenye mfuko ni mwingine na zisipokuja unaulizwa wewe. Kilicho mikononi mwako ni kumpelekea mkuu wa shule, kabla bajeti haijaandaliwa, orodha ya vitabu 40 ambavyo wanafunzi wanaviulizia na havipo, kila kimoja na mchapishaji na bei yake. Hilo liandike. Malengo matatu kwa mwaka yanatosha. Nikiona 11 najua yamenakiliwa.

Sasa twende kwenye hesabu, maana ndiko kunakoniudhi.

Kosa kubwa kuliko yote ni vitabu vya kiada. Tuseme kidato cha kwanza kina wanafunzi 160, kila mmoja anapewa vitabu sita vya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Hivyo ni vitabu 960 kwa siku mbili. Mwalimu akiviingiza kwenye daftari la kuazimia, maktaba inaonekana inachemka. Mwaka unaofuata zikiletwa nakala zaidi, "matumizi" yanapanda na mkutubi hajainuka kitini. Geuza upande wa pili uone dhuluma yenyewe. Vitabu vya ziada vimeazimwa mara 300 katika muhula, mkutubi akahangaika hadi vikafika 360, yaani asilimia 20 ya kweli. Lakini kwenye jumla iliyochanganywa, 1,260 imekuwa 1,320. Hata asilimia 5 haifiki. Kazi yote imemezwa na ugawaji wa kiada. Kiada zina leja yake. Daftari la kuazimia ni la ziada, na la rejea zile unazoruhusu zitoke.

Kosa la pili ni kuhesabu mistari badala ya watoto. Mistari 120 ya mwezi mmoja inaweza kuwa watoto 12 walewale, kila mmoja mara 10. Hao wangesoma hata maktaba ingekuwa chini ya mwembe. Fungua daftari, weka rula chini ya mstari wa kwanza, shuka nayo. Jina likitokea mara ya kwanza weka alama ya penseli pembeni, likirudi liruke. Mwisho hesabu alama. Kwa wiki mbili za daftari la shule ya kawaida hiyo ni kazi ya robo saa, na namba utakayoipata karibu kila mara itakuwa ndogo kuliko ulivyodhani.

Tatu, kitabu kinachosomwa mezani hakiandikwi popote. Bandika tangazo: "Usirudishe kitabu kwenye rafu, kiache mezani." Mapumziko yakiisha, na tena wakati wa kufunga, hesabu vilivyoachwa kabla ya kuvirudisha: vijiti vinne, cha tano kinavivuka. Wanafunzi wenye nidhamu watakuharibia hesabu kwa kurudisha wenyewe. Wakumbushe, lakini usiwagombeze kwa kuwa na adabu. Na usihesabu kila siku. Chagua wiki mbili kwa muhula, maana hesabu ya kila siku hufa kufikia wiki ya tatu, kisha watu wanajaza kutoka kichwani. Ukiona safu ya 25, 30, 25, 20, 30, hakuna aliyehesabu. Watoto hawaachi vitabu kwa mafungu ya tano.

Nne, gawanya hesabu yako kwa siku ambazo mlango ulikuwa wazi. Ukifunga siku tisa kwa semina na msiba, uazimaji ukishuka si watoto waliokataa kusoma. Hapo hapo angalia saa. Maktaba inayofunguliwa saa 2 asubuhi hadi saa 9 alasiri, wakati wote huo watoto wako darasani, kwa mwanafunzi wa kutwa imefunguliwa nusu saa tu ya mapumziko. Mkutubi akienda kunywa chai katika nusu saa hiyo hiyo, basi haijafunguliwa.

Tano ndiyo ninayoigombania zaidi, kwa sababu hata wakaguzi huipita. Mwaka wa PEPMIS unaanza Julai unaishia Juni. Mwaka wa shule unaanza Januari. Maana yake kidato cha kwanza ulichokipima Julai si kile utakachokipima Juni. Wale wameshapanda kidato cha pili, hawa ni wageni kutoka shule za msingi, wengine bado wanapambana na Kiingereza cha ubaoni. Unalinganisha watoto wawili tofauti na kuita tofauti yao "maendeleo". Kwa hiyo lengo la kusoma lianze na liishe ndani ya mwaka mmoja wa shule. Pima nusu ya pili ya Julai, pima tena nusu ya kwanza ya Oktoba. Usingoje Novemba. Kuna mitihani ya kidato cha pili na cha nne, na mara nyingi chumba cha maktaba chenyewe kinageuzwa cha mtihani. Ukitaka kulinganisha mwaka na mwaka, basi Julai kwa Julai.

Baada ya hapo ndipo unapanga namba, na namba inaanzia kwenye rafu. Tuseme katika wiki mbili za Julai umepata majina 22 kati ya wale 160. Unataka 60. Watoto 60 wakiondoka na kitabu kimoja kimoja, lazima vibaki angalau vingine 60 vya kuchagua, la sivyo wa mwisho mstarini anaokota makapi na harudi. Unahitaji nakala 120 ambazo mtoto wa kidato cha kwanza anaweza kuzisoma. Mpe ukurasa wenye maneno kama 100, akunje kidole kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho bado kwake. Lile sanduku la msaada lenye miongozo ya kodi ya nchi nyingine usilihesabu. Ukikuta nakala 70 tu, shusha lengo liwe 35 na usione haya.

Kisha vipindi. Mikondo minne, kila mmoja kipindi kimoja kila wiki mbili, ni vipindi viwili kwa wiki. Mwalimu wa taaluma atakuuliza vinatoka wapi, uende na jibu: kimoja cha Kiswahili, kimoja cha Kiingereza, na walimu wenyewe wameshakubali. Katika dakika 40: tano za kuingia na kurudisha vitabu, 10 za kuonyesha vitabu vitatu (soma ukurasa wa kwanza kwa sauti, ukatize pabaya), 15 za kuchagua na kusoma, 10 za kuandikisha. Hizo 10 ndizo watu huzipunja. Kuandika mwazimaji mmoja ni nusu dakika. Watoto 20 ni dakika 10. Ukitenga tano, kengele inalia nusu yao wakiwa mstarini, na mwalimu wa hesabu anaanza kulalamika ofisini.

Kuna lengo jingine linalonakiliwa sana: "Kuhakikisha hakuna kitabu kinachopotea." Hili linatimizwa vizuri na kabati la vioo, kufuli, na ufunguo ulio kwenye mkoba wa mwalimu aliyekwenda mjini. Mkutubi anayehofia kulipa atafunga, na mimi simlaumu yeye. Namlaumu aliyeandika sifuri. Mimi naandika asilimia 5 waziwazi: kwenye vitabu vya ziada 600, hadi 30 kwa mwaka, na mkuu wa shule anatia sahihi mapema, kabla ya kilio. Halafu tenganisha kilichopotea mikononi mwa mwanafunzi, kilichochakaa na kilicholiwa na mchwa. Cha mchwa unakijua: jalada zima, ukilifunua ndani kurasa zimekuwa udongo, na ukutani nyuma ya rafu kuna njia nyembamba ya matope inayopanda. Sogeza rafu sentimita 10 kutoka ukutani, ubao wa chini uwe sentimita 15 juu ya sakafu, na kila Ijumaa pitisha tochi nyuma. Katika zote tatu usifute kitabu kwenye leja kwa kalamu yako. Ni mali ya Serikali na kufutwa kwake kuna utaratibu.

Kuhusu kujiendeleza sitasema mengi. "Kujifunza uainishaji wa Dewey", yaani kupanga vitabu kwa namba za mada, hakupimiki hata ukihudhuria semina saba. Andika kazi: kufikia 30 Septemba niwe nimeainisha vitabu 200, mkutubi wa maktaba ya mkoa achomoe 20 bila kuchagua, makosa yasizidi mawili. Kosa atakaloliona kwanza nakutajia bure: riwaya ya Kiswahili iliyowekwa 496.392. Huko ni lugha yenyewe, kamusi na sarufi. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392. Na hesabu saa kabla ya kuahidi. Anayeanza hutumia kama dakika 10 kwa kitabu, hivyo 200 ni saa 33 na ushei. Kwa saa tatu za wiki hizo ni wiki 11. Kama umeshabeba vipindi 24 vya kufundisha, andika vitabu 100.

Sasa mashaka yangu, ambayo vitabu vya ukutubi huyaruka. Kuazima si kusoma. Kuna mtoto anayebeba riwaya wiki mbili kwenye begi na kuirudisha ikiwa safi kuliko ilivyotoka. Huwa nashauri kumuuliza wakati wa kurudisha amefika ukurasa wa ngapi na nini kinaendelea pale, lakini nakiri akijua ataulizwa anaweza kuacha kuazima kabisa. Hiyo 60 nayo haikutoka kwenye kanuni yoyote. Ni makisio ya mtu aliyetazama rafu na ratiba. Na kufunga lengo la maktaba kwenye matokeo ya kidato cha nne nimelikataa kila mara. Watu hunitajia utafiti wa Colorado, Marekani, wa 1993 wa Keith Curry Lance na wenzake, uliokuta shule zenye maktaba bora zinafaulu zaidi. Ni utafiti mzuri, ila unaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja, na ulifanywa kwenye shule zenye bajeti ambazo sisi tunaziota. Ufaulu ukipanda Kasulu, mwalimu wa somo naye yupo, na mzazi yupo. Ukijitwalia sifa mwaka ukipanda, jiandae kubeba lawama mwaka ukishuka.

Basi hii hapa sentensi, kwa wanaoiomba kila Julai: "Kuongeza wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaoazima angalau kitabu kimoja cha ziada ndani ya wiki mbili kutoka 22 (nusu ya pili ya Julai) hadi 60 kati ya 160 (nusu ya kwanza ya Oktoba), kwa kipindi kimoja cha maktaba kwa kila mkondo kila wiki mbili, kipimo ni majina tofauti kwenye daftari la kuazimia, kiada hazihesabiwi."

Najua itanakiliwa kama ilivyo. Angalau badilisheni hiyo 22.