Mkesha mmoja haukuzi mtu: dhana potofu kuhusu kukua kiroho

Dhana: Mtu hukua kiroho kwenye mikutano mikubwa.

Moshi mjini mabango ya mikesha na semina za Neno hayakauki, na sina ugomvi nayo. Mtu anaweza kuokoka usiku mmoja. Kukua ni kazi nyingine. Danieli alipopigwa marufuku kusali hakubuni jambo jipya: alipanda chumbani akapiga magoti mara tatu kwa siku, kama alivyokuwa akifanya siku zote (Danieli 6:10). Yesu naye, makutano yalipozidi kumfuata, alikuwa akijitenga kwenda kuomba (Luka 5:16). Anayeijua mifongo, mifereji ya asili ya Uchaggani, ataelewa: maji hayafiki kihambani, kwenye shamba la nyumbani, kwa sababu mvua ya mwezi jana ilikuwa kubwa, yanafika kwa sababu watu wametoka kwa zamu kuuzibua mfereji.

Dhana: Anayetafuta riziki hana muda wa ibada ya kila siku.

Hii ndiyo naisikia zaidi, hasa kwa wanaodamkia sokoni Mbuyuni. Shida ni kwamba tumeipima ibada kwa saa. Walutheri waliopita darasa la kipaimara wanaikumbuka Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529. Ndani yake mna sala ya asubuhi na sala ya jioni, kila moja haifiki dakika mbili hata ukiisoma taratibu. Na maelekezo yake yananifurahisha: ukimaliza ya asubuhi, nenda kazini kwa furaha; ukimaliza ya jioni, lala mara moja.

Kusoma Biblia nako ni hivyo hivyo. Ina sura 1,189, kwa hiyo anayetaka kuimaliza kwa mwaka anahitaji sura tatu hadi nne kila siku. Wengi huanza Januari kwa kasi, wakifika Mambo ya Walawi wanaishia hapo, kisha wanajiona wameshindwa mbele za Mungu. Nani aliwaagiza mwaka mmoja? Injili ya Marko ina sura 16. Anza nayo, nusu sura kwa siku, ndani ya daladala ya Kibosho ukipenda.

Dhana: Sala ya kusoma kitabuni haina Roho.

Zaburi zote 150 ni sala na nyimbo zilizoandikwa, na Yesu msalabani alisali kwa maneno ya Zaburi ya 22 na ya 31. Alichokikemea katika Mathayo 6:7 ni kupayuka-payuka kwa kudhani wingi wa maneno ndio unaosikiwa. Kupayuka kunawezekana bila kitabu pia.

Dhana: Kufunga kunamlazimisha Mungu ajibu.

Isaya 58 inawajibu waliofunga huku wakiwaonea wafanyakazi wao: saumu aipendayo Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Kwa mwenye kisukari, mjamzito au anayetumia dawa, amwone daktari kwanza. Kuacha kitu kingine badala ya chakula si udhaifu wa imani.

Dhana: Ukisali bila kusikia chochote, una dhambi iliyofichika.

Ayubu aliambiwa hivyo na rafiki zake, na Mungu akawakemea wao. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na bado imo katika Biblia.

Dhana: Kukua ni jambo langu na Mungu, jumuiya ni ya michango.

Michango ipo, tena mingine inachosha. Lakini waumini wa kwanza walidumu katika mafundisho ya mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali (Matendo 2:42), na hayo yote waliyafanya pamoja. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, mwaka 1976 waliweka mkazo kwenye jumuiya ndogo ndogo za waumini, na Walutheri wa huku nao wana jumuiya zao za mtaa. Sala nyumbani unaweza kuiruka mwezi mzima bila mtu kujua. Jumuiya ukiikosa wiki mbili, wiki ya tatu utasikia geti linagongwa na mama mwenyekiti anauliza kama unaumwa.